Dudley Smith aliponzwa na nini? Jibu kuhusu jina la Rollo Tomasi

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga:

"Shikamoo mwalimu. Zamani nilitazama L.A. Confidential kwenye kibanda cha video, imetafsiriwa, na mtafsiri akatuambia Rollo Tomasi ni jambazi mkubwa atakayeonekana sehemu ya pili. Hiyo sehemu ya pili sijaiona mpaka leo. Juzi nimeitazama yenyewe bila mtafsiri, nikagundua tulizugwa. Ila kuna jambo bado linanikera. Kapteni Dudley Smith ni mjanja filamu karibu nzima, hakuna anayemshtukia. Halafu anakwenda kwa miguu yake kumuuliza Exley habari za jina hilo, anajimaliza kwa mdomo wake. Si uzembe wa mwandishi huo? Na Jack, badala ya kusema kitu cha maana wakati anakata roho, kwa nini alitaja jina la mtu asiyekuwepo?"

Marahaba. Nianze kwa kumtetea kidogo huyo mtafsiri wenu. Kazi yake ni kuongea bila kupumua, na filamu hii ya 1997, ya dakika 138, mambo yake makubwa hutokea watu wakiwa wamenyamaza. Mtu anasikia neno, anawaza, kamera inamsubiri. Ukimya wa namna hiyo kwenye kibanda huleta miluzi, kwa hiyo jamaa akaziba pengo kwa jambazi wa kutunga. Na kumbe hakukosea sana: Rollo Tomasi kweli ni jambazi wa kutunga, ila aliyemtunga ni Exley, yule askari kijana.

Wenye kuitazama baadaye waishie hapa, maana siwezi kujibu bila kumwaga mwisho wote.

Jibu langu ni kwamba mwandishi hakuzembea hata kidogo. Ukisoma riwaya ya James Ellroy ya 1990 ambayo filamu hii imetokana nayo, humo Rollo Tomasi hayumo, na Dudley anafika mwisho wa kitabu akiwa hai. Curtis Hanson, ambaye ndiye mwongozaji, na Brian Helgeland walipoandika mswada walikuwa na riwaya yenye mambo chungu nzima na miaka mingi ndani yake, na walihitaji njia ya kumnasa mzee huyu ndani ya filamu moja. Jina hilo ni lao. Kwa maneno mengine, pale unapoona pamelegea ndipo walipofanya kazi kubwa kuliko pote. Mswada ulipata Oscar, na Kim Basinger akapata yake ya mwigizaji msaidizi. Tuzo 7 nyingine ambazo filamu iliteuliwa mwaka ule zote zilikwenda kwa Titanic, kwa hiyo usishangae kama vijana wengi hawaijui.

Sasa twende kwa Dudley mwenyewe, kapteni wa polisi wa Los Angeles, maana bila kuelewa anavyofanya kazi swali lako halijibiki.

Mara nyingi tunamfikiria mdanganyifu kama mtu anayesema uongo. Dudley husema uongo mara chache. Kazi yake kubwa ni kugawa. Kila anayepita mbele yake anapewa kile anachokitamani, na akishakipokea hana tena hamu ya kuuliza kimetoka wapi.

Bud White, mmoja wa askari wake, hawezi kumwona mwanaume anampiga mwanamke. Alipokuwa mtoto baba yake alimfunga kamba, akampiga mama yake kwa chuma mpaka akafa, mtoto anaona. Tangu hapo mikono yake inatafuta mtu wa kupiga. Dudley anampatia watu wa kupiga. Anampeleka Victory Motel, moteli iliyokwisha kufungwa, ambako wahalifu wanaokuja Los Angeles kutaka kurithi biashara za Mickey Cohen, jambazi mkuu wa mji aliyefungwa, wanapata kipigo, kisha wanaambiwa warudi makwao. White anaona anausafisha mji. Kumbe anamfukuzia kapteni wake washindani, maana anayetaka kumrithi Cohen ni Dudley.

Jack Vincennes anataka kuonekana. Ni sajini, lakini anavaa suti za mwigizaji, na kazi anayoithamini ni ya kuwa mshauri wa tamthilia ya polisi kwenye televisheni. (Wakati ule polisi wa Los Angeles kweli walikuwa na tamthilia yao: Dragnet ilianza redioni 1949 na kuingia kwenye televisheni 1951, ikitumia kesi zao na kuwasafisha kwelikweli.) Mwandishi wa jarida la umbea, Sid Hudgens, anampa dola 50 kila akimkamatia mwigizaji wa kumpiga picha. Mtu wa aina hii hana haja ya kudanganywa na mkubwa wake. Anajidanganya mwenyewe asubuhi mbele ya kioo, akitoka nyumbani kazi imekwisha.

Ed Exley anataka cheo, na anakitaka kwa mikono misafi. Huyu ndiye aliyemchanganya Dudley, kwa hiyo nitamrudia.

Mwendesha mashtaka wa wilaya, Ellis Loew, amepigwa picha chumbani na kijana asiyepaswa kuwa naye. Kwake Dudley hakuwa na haja ya kumpa kitu, alitosheka kumficha kitu.

Ukiwapanga hivyo, utaona kwa nini hakuna aliyemshtukia. Ili umshuku Dudley, ulitakiwa kwanza ukubali kurudisha ulichopewa.

Na sisi watazamaji tulichezewa hivyo hivyo, usijilaumu. James Cromwell, anayemwigiza Dudley, miaka miwili kabla yake watu walikuwa wamemwona katika Babe akiwa mkulima mpole mwenye nguruwe anayechunga kondoo. Sura ile ile, urefu ule ule, sauti ya babu. Kwa upande mwingine Guy Pearce wa Australia na Russell Crowe wa New Zealand walikuwa karibu hawajulikani Marekani. Aliyekuwa na jina kubwa kati ya wale askari watatu ni Kevin Spacey, yaani Jack. Mazoea yetu ya kibandani yanatuambia steringi hafi, tena hafi katikati. Kwa hiyo Jack alipoingia usiku nyumbani kwa Dudley hakuna aliyeshika moyo.

Nirudi nyuma kidogo mpaka Nite Owl, maana ndipo siri zote zinapokutana, na nadhani wengi wanaipoteza filamu pale.

Watu wameuawa usiku kwenye mgahawa huo, maiti zimerundikwa chooni. Mmoja ni Dick Stensland, askari aliyefukuzwa kazi, rafiki wa White. Mwingine ni Susan Lefferts, msichana aliyepasuliwa uso afanane na mwigizaji wa sinema, mmoja wa wasichana wa tajiri Pierce Patchett. Inaonekana kama uporaji uliokwenda vibaya. Ukweli ni kwamba Stensland na askari mwingine wa zamani, Buzz Meeks, waliingiza mkono kwenye shehena ya heroini, ratili 25. Stensland akamuua Meeks na kumfukia chini ya nyumba ya mama yake Susan. Watu wa Dudley wakaufuata mzigo. Wengine waliokufa pale walikufa ili kifo cha mmoja kisionekane.

Halafu wanakamatwa vijana watatu Weusi, na shotigani zinapatikana kwenye gari lao. Hapa angalia jambo moja dogo. Exley na Jack wanapofika kuwakamata, wanawakuta wapelelezi wawili, Breuning na Carlisle, wamekwisha kufika. Hakuna anayeuliza wamejuaje. Ni wapelelezi, wako kwenye kesi, mambo yanakwenda haraka. Hao wawili ni watu wa Dudley, na silaha zile walizipandikiza wao. Kubambikia mtu kesi hakuhitaji ustadi mkubwa kama anayebambikiwa ni mtu ambaye mji mzima uko tayari kuamini ndiye.

Kinachofuata ni, kwa maoni yangu, mahojiano bora kuliko yote niliyoyaona kwenye filamu za polisi. Vyumba vitatu, kijana mmoja kila chumba, na Exley anaingia na kutoka. Ana swichi ya vipaza sauti: anamfungulia huyu asikie maneno ya yule, sekunde chache tu, yaliyokatwa mahali anapotaka yeye. Anawapa vipande vya ukweli wajaze wenyewe. Wakubwa wanatazama nyuma ya kioo wakistaajabu, na Dudley yumo miongoni mwao. Kijana Exley anaifanya kazi ya Dudley kuliko mwanafunzi yeyote wa Dudley.

Lakini sikiliza vijana wanachokiri. Wanakiri kweli, wanalia kweli, ila kosa wanalolikiri ni jingine. Walimteka msichana, Inez Soto, na kumbaka. Exley anauliza habari za Nite Owl, wao wanajibu habari za Inez, na kwa dakika kadhaa kila upande unadhani unaelewana na mwingine. Vijana wanatoroka, Exley anawafuata na kuwaua, anapewa nishani. Kesi imefungwa, mji umelala.

Baadaye kabisa Exley anaambiwa na Inez kwamba alidanganya kuhusu saa. Vijana wale walikuwa bado naye muda ambao mgahawa ulishambuliwa. Alisema waliondoka mapema kwa sababu alitaka wafe, na alijua hakuna atakayehangaika na Mmeksiko wa Boyle Heights aliyebakwa kama hakuna Wazungu waliouawa ndani ya kesi hiyo hiyo. Mimi kila nikiifikia sehemu hii nasimamisha filamu. Huyu si mtu wa Dudley, wala hajui Dudley ni nani. Lakini uongo wake ndio nguzo iliyoshikilia uongo wote wa Dudley, na ni uongo ambao huwezi kumlaumu nao. Filamu haimlaumu. Exley anabaki na nishani kifuani aliyoipata kwa kuwaua watu ambao hawakufanya alichowaulia, na hawezi kumwambia mtu.

Ndipo anapomwendea Jack.

Jack wakati huo naye amevunjika. Alipokea zile 50 za Sid ili amwingize kijana mmoja, mwigizaji asiye na kazi aitwaye Matt Reynolds, kwenye chumba cha moteli pamoja na Loew, wapigwe picha. Kuna tukio fupi sana, halina hata mazungumzo ya maana: Jack yuko baa, glasi ya kilevi iko mbele yake, noti ya 50 iko mkononi. Anajitazama kwenye kioo cha baa. Anaiweka noti juu ya glasi, kilevi hakukigusa, anatoka kwenda kumtoa kijana kwenye mtego. Anamkuta amechinjwa. Mtafsiri wako sijui hapo alisema nini, maana Jack hasemi kitu. Kuanzia hapo si mtu yule wa suti tena.

Exley anahitaji msaada wa nje ya utaratibu na hana rafiki. Anamweleza Jack jambo ambalo hajamwambia mtu yeyote. Baba yake, Preston Exley, alikuwa polisi mwenye heshima. Aliuawa na kibaka wa mikoba, akapigwa risasi sita, na muuaji hakujulikana kamwe. Exley, ili apate mtu wa kumchukia, akampa yule muuaji jina: Rollo Tomasi. Ni yule anayefanya na haguswi. Kwa ajili ya watu wa namna hiyo ndiyo akawa polisi, anasema, na njiani amesahau. Kisha anamuuliza Jack wewe ulijiunga kwa sababu gani. Jack anafikiri, anasema hakumbuki.

Shika hapo vitu viwili. Jina hilo halimo kwenye jalada lolote la polisi, kwa sababu mwenyewe hayupo. Na watu wanaolijua duniani ni wawili.

Tuingie sasa jikoni kwa Dudley. Ni usiku. Mke na mabinti wanne wako pwani, Dudley yuko peke yake. Jack hakuja kumkamata. Amepekua majalada akakuta uchunguzi wa zamani ambao Stensland na Meeks waliuacha ufe, na msimamizi wao alikuwa Dudley. Anakuja kumuuliza kama mtu anavyomuuliza mkubwa wake wa kazi. Dudley anauliza swali moja, tena kwa upole: Exley anajua habari hizi? Jack anasema hajamwambia, kalifikiria sasa hivi tu. Dudley anageuka na kumpiga risasi ya kifua.

Ndiyo, Dudley ana neno la mwisho la kumwomba. Anamuuliza marehemu mtarajiwa kama ana la kuaga. Ni mtu wa adabu zake.

Hapo ndipo swali lako la pili linapojibika. Jiweke kwenye kile kiti. Una pumzi mbili. Umejua ghafla muuaji ni nani, na mtu mmoja tu anapaswa kujua: Exley. Lakini chumbani mpo wawili, wewe na aliyekuua. Kitu chochote "cha maana" utakachosema kitasikiwa na Dudley na kuishia kwa Dudley. Ukisema "Exley atakupata", umemuua Exley usiku huo huo. Ukisema "najua wewe ndiye", hujamwambia lolote asilolijua. Ujumbe wako unahitaji mbebaji, na mbebaji pekee aliyepo ni adui yako.

Kwa hiyo lazima uwe ujumbe ambao mbebaji hauelewi. Tena haitoshi asiuelewe, maana asichokielewa angeweza kukiacha pale pale jikoni pamoja na damu. Lazima umkere kiasi cha kuubeba. Jina la mtu ndilo linalofaa, kwa sababu mpelelezi akisikia jina kutoka kwa mtu anayekufa anasikia shahidi. Anasikia mwenzake Jack, aliyeambiwa siri, ambaye yuko mahali fulani mjini na anaweza kusema. Jack analitamka, usoni ana kitu kama tabasamu, anakufa. Spacey anaiacha nuru itoke machoni kabla mwili haujalegea, sijui alifanyaje.

Jack amemfanyia Dudley kile Dudley alichowafanyia watu filamu nzima. Amempa anachokitamani. Dudley hatamani kitu zaidi ya kuziba matundu, na Jack kampa tundu.

Sasa ule ujinga wake unaokukera. Jiulize, Dudley akishabaki na jina lile afanye nini? Kwanza angelitafuta masijala. Kwenye majalada hapati kitu, na hilo linamtisha zaidi kuliko angepata, maana yeye ni mtu aliyeishi kwa kujua kila mhalifu wa mji kwa jina na deni lake. Kisha amuulize nani? Mtu aliyekuwa akifanya kazi na Jack wiki ile ni Exley. Dudley anamkamata pembeni ofisini, siku ambayo kila mpelelezi anahangaika kumtafuta muuaji wa Jack, na anamwambia kuna mtu aliyekuwa akijuana na Vincennes, anaitwa Rollo Tomasi, je amewahi kumsikia? Ukiwa hujui siri ile, hilo ni swali la kawaida kabisa la kazi, bosi anamuuliza luteni wake. Angekosa kuliuliza ndiyo ingekuwa ajabu.

Halafu kuna kosa la hesabu ambalo ni la Dudley mwenyewe. Anadhani anamjua Exley. Mwanzoni, usiku wa Krismasi kituoni, alimuuliza maswali matatu. Je, uko tayari kumpandikizia ushahidi mtu unayejua ana hatia? Uko tayari kumpiga mtuhumiwa mpaka akiri? Uko tayari kumpiga risasi ya mgongo mhalifu sugu ili wakili asije akamtoa? Exley alikataa yote matatu, na Dudley akamwambia basi upelelezi aachane nao. Kuanzia siku hiyo alimwekea Exley alama: kijana wa vitabu, atapeleka kila anachokijua kwa mkubwa wake, tena kwa maandishi. Mtu wa namna hiyo unamuuliza jina bila wasiwasi. Akilijua atakwambia.

Alichosahau Dudley ni kile kilichotokea baada ya Krismasi hiyo. Askari walevi waliwapiga mahabusi kituoni (tukio hili limetokana na la kweli la Desemba 25, 1951, lililofanya askari 8 washtakiwe na 5 kutiwa hatiani). Exley akakubali kutoa ushahidi, lakini kabla ya hapo akawapangia wakubwa mchezo wote: watoe kafara wale waliokwisha kupata pensheni, na wakitaka Jack naye aseme, wamtishie kumwondolea tamthilia yake, maana ndiyo anayoishi kwa ajili yake. Yaani kijana wa vitabu alikuwa tayari anajua kila mtu ana kitu chake, na ukikishika umemshika. Dudley alikuwepo. Alisikia, lakini hakuzingatia, pengine kwa sababu ya miwani anayovaa Exley. Alikwisha kumwambia azivue.

Basi Exley analisikia jina kutoka kwenye mdomo usiopaswa kuwa nalo. Kamera inakaa usoni kwake. Anajibu kwamba hapana, halijui, na anaondoka zake. Ni uongo wake wa kwanza kwa Dudley, na ndio unaomvua Dudley nguo.

Nikubaliane nawe kwa jambo moja. Ingekuwa mimi ndiye Dudley, ningemtuma Breuning akaulize. Jina lingefika likiwa limepoa, na Exley angebaki na mashaka kati ya watu kadhaa. Hapo filamu inategemea kiburi cha mzee, kwamba siri yake haiamini mikononi mwa mtu mwingine. Mimi nakikubali kiburi hicho, kwa sababu tumekiona tangu mwanzo: mauaji makubwa anayamaliza mwenyewe. Ila asiyekikubali simlaumu.

Tazama pia anavyojaribu kulirekebisha. Hapeleki watu kumuua Exley. Anarudia ufundi wake ule ule. Sid Hudgens amempiga picha Exley akiwa na Lynn Bracken, yule msichana wa Patchett anayefananishwa na Veronica Lake, na ambaye White anampenda. Exley alidhani Lynn amemtaka; Lynn alikuwa ametumwa. Dudley anahakikisha White anaziona picha hizo, tena Victory Motel, mahali ambapo White amezoea kupiga kwanza na kufikiri baadaye. White anaondoka amepagawa. Sid, ambaye alijiona mshirika wa Dudley, anauawa hapo hapo. White anampiga Lynn, yeye aliyeapa maisha yake yote kutokuwa baba yake, kisha anamfuata Exley masijala kwenda kummaliza. Mpango ungefaulu. Kinachouvunja ni Exley kumwambia White, huku anapigwa, kwamba ndivyo Dudley anavyotaka. White ana ngumi hewani na kwa mara ya kwanza anajiuliza nani kampa sababu ya kupiga.

Hapo Dudley amekwisha, ingawa bado kuna risasi nyingi za kupigwa. Mtego wa mwisho, wa kuwaita wote wawili Victory Motel kila mmoja akidhani kaitwa na mwenzake, ni wa mtu aliyeishiwa. Na katikati ya moshi ule bado anataka kujua. Ana bunduki, White kaanguka, na anauliza Rollo Tomasi ni nani. Exley anamwambia ni wewe. Jina alilopewa kibaka asiye na uso hatimaye lina uso.

Kisha Dudley anamshauri Exley atoke ameinua beji juu ili polisi wanaokuja wasimpige, na anatangulia mbele akiwa na uhakika kwamba kijana huyu hawezi. Exley anampiga risasi ya mgongo. Kati ya yale maswali matatu ya Krismasi, la tatu kalibadilishia jibu.

Hukuuliza habari za mwisho, lakini unaambatana na swali lako. Wakubwa wanataka kumtangaza Dudley shujaa aliyekufa kazini, kashfa izimike. Exley yuko chumba cha mahojiano, wao wako nyuma ya kioo, na ingawa hawasikii anachowaza, anajua wanachojadili. Anawaambia kwa hali ilivyo watahitaji shujaa zaidi ya mmoja. Anapata nishani ya pili. Watu wengi hapo humwona ameuza roho. Kwangu mimi amewapa walichokitaka, kama alivyofundishwa, na yeye kakiri kwa Lynn kwamba wanamtumia na yeye anawatumia kwa muda. Kama huo muda utakuwa mfupi au mrefu, filamu haisemi, na Lynn anamchukua White aliyefungwa bandeji wanaondoka kwenda Arizona.

Ukiirudia tena, mfuate Breuning. Usimtazame Dudley, mtazame anayesimama nyuma yake: nani anafika kwanza, nani anafungua mlango, nani yuko chumbani bila kuitwa. Na ile sehemu ya mgahawani ambapo Exley anamwambia mwanamke mmoja kwamba kahaba aliyepasuliwa afanane na Lana Turner bado ni kahaba tu, usicheke upesi. Jack anajua mwanamke yule ni Lana Turner mwenyewe, na kamwachia Exley aseme mpaka mwisho.